Uzi: Tope la kuchorongea visima vya joto kali lipimwe likiwa limelala chini, si likiwa tangini

#1 Mnato wa Ihumwa (mleta uzi)

Wakuu wa jukwaa, salaam.

Tangu EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) na PURA (mamlaka ya udhibiti wa utafutaji wa mafuta na gesi) ziwe na makao yake hapa Dodoma, na tangu habari za utafiti wa mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere zianze kusikika upande wa Singida, nimekuwa nikiulizwa swali moja na vijana wanaosomea uhandisi wa petroli na hata na mafundi wa visima vya maji. Kama tope la bentonaiti, ule udongo unaovimba kwenye maji, linatosha kuchoronga kisima cha maji, kwa nini kisima cha gesi chenye joto kali kihitaji tope linalobuniwa upya tangu mwanzo, tena kwa gharama ya kumtoa mtu jasho? Nimeona nijibu mara moja kwa urefu, ili wenye uzoefu wakosoe na wenye maswali waulize.

Katika tasnia ya mafuta na gesi, kisima huhesabiwa kuwa cha joto kali na mgandamizo mkubwa pale joto la chini linapozidi nyuzi 150 za Selsiasi na mgandamizo unapozidi paundi 10,000 kwa inchi ya mraba, yaani takriban bar 690. Ardhi ya kawaida huongezeka joto kwa nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita unayoshuka. Ukianza na nyuzi 25 juu, utafikia 150 kwenye kina cha kilomita nne hadi tano. Gesi yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, haikuhitaji visima vya namna hiyo. Elimu ya jambo hili imejengwa zaidi kwenye Bahari ya Kaskazini, Ghuba ya Mexico na bahari ya kusini mwa China, na ndiyo maana vitabu vyetu vya chuo huligusa kijuujuu tu.

Kazi za tope wengi wetu tunazijua: linabeba chenga za mwamba na kuzipandisha juu, linapoza kekee, linajenga utando kwenye ukuta wa kisima ili maji yake yasipotelee kwenye mwamba, na kubwa kuliko yote, uzito wake ndio unaozuia gesi isiingie kisimani. Kazi inayosahauliwa ni ya wakati pampu zimezimwa. Hapo tope linatakiwa lijikaze kiasi cha kuzishikilia chenga na unga mzito wa baraiti zisizame, lakini lisijikaze hadi pampu zikiwashwa tena zishindwe kulisukuma bila kuupasua mwamba.

Hoja yangu ni hii: tope la kisima cha joto kali linaharibika likiwa limetulia. Likizunguka, yaani likisukumwa kushuka ndani ya bomba na kurudi juu nje yake, linapoa na mhandisi analiona na kulitibu. Pampu zikizimwa ili bomba lipandishwe kubadilishiwa kekee, au ili vifaa vya vipimo vishushwe kwa waya, tope lililo chini linakaa kwenye joto lote la mwamba kwa saa nyingi, pengine kwa siku, bila mtu wa kuligusa. Kwa hiyo vipimo vya tangini, hata vikiwa vizuri namna gani, vinaeleza habari za tope jingine.

Tuanze na bentonaiti yenyewe. Udongo huu umeundwa na vibamba vyembamba mno vinavyovimba kwenye maji na kusukumana kwa chaji za umeme. Joto likizidi nyuzi 120 hivi, vibamba vinaanza kwanza kumeguka na kuwa vingi zaidi, kisha vinashikana kingo kwa nyuso na kufanya tope liwe zito kama ugali. Kama ndani yake kuna chokaa nyingi na chenga laini nyingi za mwamba, joto la nyuzi 150 na kuendelea linaweza kuligeuza kuwa kitu kinachokaribia saruji. Polima, yaani kemikali za minyororo mirefu zinazolitia tope mnato, nazo zina mipaka yao: wanga huanza kuvunjika kwenye nyuzi 95 hadi 120, zanthani hukaribia kikomo chake kwenye 120 hivi, na polima za selulosi hujikongoja hadi kati ya 120 na 150. Linyosulfonati zinazotumika kulegeza tope huanza kuchoka baada ya 150. Linyiti (makaa ya mawe machanga) iliyotibiwa huvumilia hadi karibu 200. Kuanzia hapo ni polima za kutengenezwa kiwandani, hasa zile zenye sulfoneti, ambazo muunganiko wake haukatwi kirahisi na maji ya moto.

Jambo linalowapita wengi ni kwamba kemikali hizi zikivunjika hazipotei hivihivi. Linyiti na polima zinazooza kwa joto hutoa kaboni dayoksaidi, nayo ikikutana na alkali ya tope hugeuka kaboneti, na kaboneti hulifanya tope liwe nene. Mhandisi asiyechunguza ataongeza kilegezi zaidi, kilegezi kitaoza, kaboneti itaongezeka, na gharama itapanda huku tatizo likiwa palepale.

Nitaendelea na habari za uzito na vipimo kadiri michango itakavyokuja.

#2 Fundi wa Bahi

Ahsante mleta uzi kwa maelezo yaliyotulia. Mimi nachoronga visima vya maji, si vya mafuta. Kwenye mwamba mgumu wa Dodoma tunatumia nyundo ya hewa na povu, na tope hatuligusi kabisa, lakini tukishuka kwenye mchanga na mfinyanzi wa upande wa Bahi, ukuta unaporomoka na inabidi tuchanganye bentonaiti na polima. Tatizo letu kubwa ni chumvi. Tukichanganya kwa maji ya kisima cha jirani, bentonaiti inakataa kuvimba, inatengana, na maji yanabaki juu. Naomba kuuliza: joto linafanya kitu kilekile kinachofanywa na chumvi, au ni mambo mawili tofauti?

#3 Mnato wa Ihumwa

Ndugu Fundi wa Bahi, umegusa penyewe. Matokeo yanafanana, njia ni mbili. Chumvi hupunguza nguvu ya kusukumana iliyopo kati ya vibamba, vikakaribiana na kushikana. Kalsiamu hufanya vibaya zaidi kwa sababu huingia na kukaa mahali pa sodiamu, na bentonaiti ya kalsiamu haivimbi sawasawa. Ndiyo maana kuweka magadi soda kwenye maji magumu kabla ya kumwaga bentonaiti kunasaidia sana: kalsiamu inatuama kabla ya kufanya madhara. Joto lenyewe humega vibamba na kuongeza idadi ya nyuso zinazotaka maji, wakati uleule likizidhoofisha kemikali zilizowekwa kuvitenganisha. Kisima kirefu cha gesi kinaweza kuwa na vyote viwili, kwa maana unapita kwenye tabaka la chumvi halafu unaingia kwenye joto.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwenye tope la maji la joto kali ni kutumia bentonaiti kidogo iwezekanavyo, na kuziondoa chenga laini za mwamba kwa mashine za kutenganisha zinazozunguka kwa kasi, badala ya kuzimeza ndani ya tope na kujifariji kwa kilegezi. Mhandisi anayeachia chenga laini zijilimbikize kwa sababu mashine zinachoma dizeli nyingi anaweka akiba ya matatizo, na atalipwa yote kwa siku moja.

Upo pia udongo wa sepiolaiti, ambao umbo lake ni nyuzinyuzi badala ya vibamba. Nyuzi hizo hujipanga kwa kusukana zenyewe, hivyo chumvi haiziathiri sana, na kwenye joto kali zinabadilika polepole kuwa udongo wa jamii ya bentonaiti wakati ambapo bentonaiti ya kawaida imeshachoka. Sepiolaiti ipo Tanzania, upande wa Sinya, karibu na mpaka wa Kenya kaskazini-magharibi ya Kilimanjaro. Kule iliwahi kuchimbwa kwa ajili ya viko vya kuvutia tumbaku.

#4 Binti wa Makutupora

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nimefuata hoja ya kemikali, lakini ningependa kuiona hoja ya uzito kwa hesabu. Darasani tunafundishwa kuzidisha uzito wa tope kwa kina na kupata mgandamizo, basi. Mleta uzi anaposema tope la chini si tope la juu, anamaanisha tofauti kubwa kiasi gani?

#5 Mnato wa Ihumwa

Marahaba, binti. Hesabu ya darasani ni sahihi, ila inachukulia kwamba uzito ni uleule kutoka juu hadi chini. Tuchukue mfano wa kubuni. Kisima kina mita 5,000 za wima. Mgandamizo wa gesi kwenye mwamba unalingana na tope la kilo 1.95 kwa lita, na mwamba unapasuka tope likifikia kilo 2.08 kwa lita. Kwa kuzidisha uzito kwa kina na kwa 0.0981 (ya kugeuza jibu liwe bar), tunapata bar 956 za gesi na bar 1,020 za kupasua mwamba. Nafasi yote tuliyonayo ni bar 64 tu, na kila tofauti ya kilo 0.01 kwa lita ni karibu bar 5.

Sasa tuchague tope la 2.00. Likitulia linatoa bar 981, yaani tuna bar 25 juu ya gesi. Tukiwasha pampu, msuguano wa tope linapopanda kati ya bomba na ukuta wa kisima unaongeza mgandamizo; tuseme bar 30. Tumefika 1,011, na zimebaki bar 9 kabla mwamba haujapasuka na kuanza kulinywa tope. Hapo hatujafanya kosa lolote, na tayari tumebanwa pande zote mbili.

Ongeza joto. Tope likipata moto linatanuka na kuwa jepesi. Mgandamizo wa kina unalibana na kulirudishia uzito kidogo, lakini kwenye kisima cha joto kali mara nyingi kutanuka ndiko kunakoshinda. Kama wastani wa uzito umeshuka kutoka 2.00 hadi 1.97, tumepoteza karibu bar 15, na kati ya zile 25 tulizojivunia zimebaki 10 hivi. Mchorongaji akipandisha bomba kwa haraka, mvuto wa bomba unapunguza tena bar kadhaa. Aliyeandika 2.00 kwenye fomu ya asubuhi hajasema uongo. Alipima tope la nyuzi 50 lililokuwa mkononi mwake.

Jambo hili lina upande wa pili unaosumbua zaidi. Wakati wa kuzunguka, tope linaloshuka linapoza sehemu ya chini ya kisima, na likipanda linaipasha moto sehemu ya juu. Pampu zikizimwa, tope la chini linaanza kurudia joto la mwamba, linatanuka, na kiasi fulani kinamwagika juu, ingawa pampu zimezimwa. Mtu aliyesimama kwenye mfereji wa tope anaona kisima kinatoa tope chenyewe, na hiyo ndiyo dalili ileile ya gesi kuingia kisimani. Ukifunga kisima kila mara unapoteza siku nzima, na ukipuuza mara moja unaweza kupoteza mtambo na watu. Njia inayokubalika ni kuweka kumbukumbu ya namna kisima kinavyomwaga baada ya kuzima pampu, kabla ya kuingia kwenye mwamba wa gesi: ni lita ngapi dakika ya kwanza, ngapi ya tano, ngapi ya kumi. Mmwagiko wa kutanuka kwa joto hupungua kadiri dakika zinavyopita. Mmwagiko wa gesi hauna adabu hiyo, nao huongezeka. Kukiwa na shaka, kisima kinafungwa kwanza, majadiliano baadaye.

#6 Mjukuu wa Kondoa

Naomba kuongeza neno, na kwa sehemu nipingane na mleta uzi. Nimefanya kazi kwenye visima vya jotoardhi vya Olkaria, nchini Kenya. Kule visima vina kina cha mita 2,000 hadi 3,000 na joto linavuka nyuzi 300, yaani maradufu ya kiwango alichokitaja, na bado sehemu ya uzalishaji tunaichoronga kwa maji matupu, au maji yaliyochanganywa na hewa na povu. Bentonaiti tunaitumia sehemu za juu tu. Kwa hiyo naona ni kumtisha msomaji kusema kwamba joto kali pekee linadai tope la gharama kubwa. Nalisema hili kwa sababu Serikali inafuatilia jotoardhi ya Ngozi kule Mbeya, na wasomaji wanaweza kudhani kila kisima cha moto ni kilekile.

#7 Mnato wa Ihumwa

Nakubaliana nawe, Mjukuu wa Kondoa, na nakushukuru kwa kuiweka hoja sawa. Ugumu hautokani na joto peke yake, unatokana na joto kukutana na uzito. Kwenye jotoardhi, miamba ina nyufa na mgandamizo wake ni mdogo, mara nyingi chini ya ule wa safu ya maji yenyewe. Hatari yenu ni kupoteza maji kwenye nyufa, na utando wa tope ungeziba njia zilezile mnazotaka mvuke upitie. Maji mnayoyapampu yanapoza kisima mfululizo, na yakipotea ardhini hakuna anayelia.

Kisima cha gesi chenye mgandamizo mkubwa hakikupi ruhusa hiyo. Ili kufikia kilo 2.00 kwa lita ni lazima ulibebeshe tope unga mzito, na unga huo unahitaji kitu cha kuushikilia, na hicho kitu ndicho kinachopikwa. Ukiondoa hitaji la uzito, sehemu kubwa ya uzi huu inakosa kazi.

#8 Mama wa Chang'ombe

Ninafanya kazi upande wa mazingira. Nimesoma kwamba makampuni mengi, yakifika kwenye joto la namna hii, huachana na tope la maji na kuhamia tope la mafuta. Naomba mleta uzi aeleze kama hilo ni la lazima. Eneo la ziwa Eyasi lina wafugaji wa Kidatoga na Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma, na maji yasiyo na chumvi kule ni ya kutafuta kwa tochi. Tope la mafuta likimwagika kwenye mkondo wa msimu, NEMC (baraza la taifa la mazingira) itaandika barua, lakini mkondo utakuwa umeshaharibika.

#9 Mnato wa Ihumwa

Mama, swali lako ni la msingi. Tope la mafuta kwa kweli ni mchanganyiko wa matone ya maji ya chumvi ya kalsiamu ndani ya mafuta, yakishikiliwa na kemikali za kuunganisha mafuta na maji pamoja na chokaa. Linapendwa kwa sababu haligandi kwa joto kama bentonaiti, haliuvimbishi mfinyanzi wa kwenye mwamba, na linalainisha bomba. Likitengenezwa vizuri linavuka nyuzi 200 bila kelele.

Lakini lina gharama mbili zisizoandikwa kwenye ankara. Ya kwanza ni hiyo uliyoitaja: kila chenga inayotoka kisimani imelowa mafuta, na haiwezi kumwagwa shimoni, inatakiwa kuchomwa kwenye tanuri la kutoa mafuta au kusafirishwa hadi mahali pa kuitibu. Kwa eneo lililo mbali na barabara ya lami, usafirishaji peke yake ni mradi. Ya pili ni ya usalama. Methani inayeyuka ndani ya mafuta. Gesi ikiingia kwenye tope la maji, inabaki mapovu, ujazo wa tangi unapanda na kengele inalia mapema. Ikiingia kwenye tope la mafuta, inajificha, tangi linapanda kidogo tu, halafu mchanganyiko ukikaribia juu, mgandamizo unaposhuka, gesi yote inatoka kwa pamoja na kumkuta mchorongaji akiwa na dakika chache za kufanya uamuzi. Tope la mafuta pia linatanuka kwa joto na kubanwa kwa mgandamizo kuliko la maji, kwa hiyo ile hesabu niliyompa Binti wa Makutupora inakuwa ngumu zaidi.

Njia ya tatu ni maji yaliyoyeyushwa chumvi za fomati, yaani chumvi za asidi ya fomiki. Fomati ya sodiamu hufika kilo 1.33 kwa lita, ya potasiamu 1.57, na ya sesiamu huvuka 2.2, yote bila hata punje moja ya baraiti. Uzito uko ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo hakuna kinachozama. Zaidi ya hapo, chumvi hizi zinazilinda polima, na zanthani iliyokuwa ikikata tamaa kwenye nyuzi 120 inapata nguvu ya kwenda mbele zaidi. Norwei walizitumia kwenye mashamba ya gesi ya Kvitebjørn na Kristin. Kikwazo ni bei. Sesiamu ni adimu, na kwa miaka mingi ilitegemea mgodi wa Tanco ulioko Manitoba, Kanada, kiasi kwamba kimiminika hicho hukodishwa: unakitumia, unakirudisha, na unalipia kilichopotea. Kwenye mwamba wenye nyufa unaokunywa tope, hesabu hiyo inaweza kumuamsha mhasibu usiku.

Kwa maoni yangu, kwa kisima cha utafiti kwenye eneo la Eyasi, ningeanza na tope la maji lenye polima za sulfoneti na fomati ya potasiamu, na ningehamia kwenye tope la mafuta pale tu vipimo vya maabara vitakaponilazimisha. Wapo wahandisi wazuri watakaonipinga.

#10 Mzee wa Nala

Mleta uzi ametaja mara kadhaa kuzama kwa baraiti bila kulifungua jambo hilo. Mimi nimestaafu, lakini nimeshuhudia kisima kilichoinama kwa ulalo wa nyuzi 50 hivi kutoka wima kikitoa tope jepesi, kisha zito la kutisha, kisha jepesi tena, ndani ya mzunguko mmoja. Vijana waelezwe jambo hili, maana linaonekana dogo kwenye karatasi.

#11 Mnato wa Ihumwa

Mzee, shikamoo, na ahsante. Baraiti ina uzito wa mara 4.2 ya maji, na polima iliyochoka haiwezi kuishikilia. Kwenye kisima cha wima inazama taratibu. Kwenye kisima cha ulalo wa nyuzi 45 hadi 60 inazama kwa umbali mfupi tu hadi kwenye ukuta wa chini, inajikusanya pale, kisha rundo lote linateleza kuelekea chini kama kifusi. Tope jepesi linapanda kupitia ukuta wa juu, nalo linaongeza kasi ya mteremko huo. Huzama hata tope likizunguka polepole, wala si lazima litulie kabisa. Kuzungusha kwa pampu ndogo kwa saa nyingi bila kuzungusha bomba ni miongoni mwa njia za uhakika za kulitenganisha.

Kwenye maabara, jambo hili linapimwa hivi. Tope linajazwa kwenye chupa nene ya chuma, linawekewa mgandamizo wa naitrojeni, na chupa inafungwa. Mgandamizo huo si wa mapambo: hapa Dodoma, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na kwenye nyuzi 200 mvuke wake una mgandamizo wa bar 15 na ushee. Chupa inalazwa kwenye tanuri kwa saa 16, ambazo ni desturi, na hapa ndipo ugomvi wangu na desturi ulipo. Ikiwa mpango wa kisima unasema vifaa vya vipimo vitakaa chini siku tatu, tope lipikwe siku tatu, likiwa limesimama au limeinamishwa kwa ulalo wa kisima, kwa joto la mwamba lenyewe na si joto la wakati wa kuzunguka.

Chupa ikishapoa na mgandamizo ukishatolewa, usiikoroge. Tazama kwanza kama kuna tabaka la maji juu, na pima unene wake. Shusha kijiti cha kioo taratibu uone kinapita kwa uzito wake, au kinagoma katikati, au kinagusa kitu kigumu kabla hakijafika kwenye kitako. Chota tope la juu kwa bomba la sindano na ulipime, kisha la chini. Gawa uzito wa chini kwa jumla ya uzito wa juu na wa chini. Ikiwa ni 0.50, hakuna kilichozama, ikivuka 0.53, tope hilo lirudi mezani. Kwa mfano, 1.92 juu na 2.21 chini ni 0.535, na tope la namna hiyo linaweza kuwa na vipimo vya mnato vinavyopendeza mno likikorogwa. Ndiyo maana anayekoroga kabla ya kupima anajidanganya.

Dawa zipo. Unga ukisagwa laini zaidi, au ukitumiwa oksaidi ya manganizi yenye uzito wa 4.8 na punje ndogo za mviringo, unazama polepole na tope linabaki jepesi kusukuma. Baraiti yenyewe ikaguliwe kabla haijapakiwa: kiwango cha kimataifa kinataka uzito usiopungua 4.20, kipo na cha daraja la 4.10, na mabaki yanayozuiwa na chujio la maikroni 75 yasizidi asilimia 3. Baraiti yenye uchafu ina maana ya unga mwingi zaidi kwa uzito uleule, na unga mwingi ni msuguano mwingi, na tumeshaona kwenye hesabu kwamba tuna bar 9 tu za kuchezea.

#12 Fundi wa Bahi

Nimeelewa. Kipimo cha kuchuja je? Sisi tunatazama tu kama ukuta unakunywa maji.

#13 Mnato wa Ihumwa

Kwa joto kali, tope linachujwa kwa nyuzi 150 hivi au kwa joto la kisima chenyewe, kwa tofauti ya mgandamizo wa paundi 500 kwa inchi ya mraba, kwa dakika 30, na ujazo unaopatikana unazidishwa mara mbili kwa kuwa eneo la chujio ni nusu ya lile la kawaida. Ujazo pekee hautoshi. Ufungue utando wenyewe, uuguse: ukiwa mwembamba na mgumu unafaa, ukiwa mnene na laini, bomba litanasa ukutani.

#14 Binti wa Makutupora

Swali la mwisho kwa upande wangu. Tuseme vipimo vya waya vimemalizika baada ya siku tatu, na bomba linarudishwa chini. Mpango wa tope uandike nini kuhusu kuwasha pampu?

#15 Mnato wa Ihumwa

Uandike kwamba bomba halishuki moja kwa moja hadi chini. Linasimama kwenye kina kadhaa njiani, linazungushwa kwanza bila pampu ili kuvunja ugandaji, kisha pampu inaanza kwa kasi ndogo na kupandishwa hatua kwa hatua huku mgandamizo ukisomwa kwa sauti. Kila kituo kipitishe tope lake hadi lianze kutoka juu kabla ya kushuka kingine, kwa kuwa kuligandua tope la mita 5,000 kwa mkupuo mmoja ni kuupasua mwamba. Tope la chini linapofika juu, uzito wake upimwe kila baada ya dakika tano, na mtu asimame kwenye mfereji muda wote.

Uandike pia kwamba tope zito la kwanza lisipunguzwe kwa maji papo hapo, kwa sababu uzito huo ni baraiti iliyohama kutoka sehemu nyingine ya kisima, na tope jepesi linalolifuata ndilo linalohitaji kurudishiwa. Yote mawili yaelekezwe kwenye tangi la pembeni na kuchanganywa, na uzito utakaoandikwa kwenye taarifa ya zamu uwe wa mzunguko kamili wa pili, pamoja na joto lililopimwa nalo.